Kunguru wa Adelaide: timu iliyoshonwa kwa vipande

Tarehe 25 Machi 2017, mwisho wa fainali ya kwanza kabisa ya ligi ya wanawake ya futiboli ya Australia, ubao wa matokeo ulisomeka hivi: Adelaide 4.11 (35), Brisbane 4.5 (29).

Mtu aliyelelewa na Simba na Yanga, au Gor Mahia na AFC Leopards, akiutazama ubao huo atadhani ni muda wa mbio za riadha. Tuuchambue taratibu, maana ukizielewa tarakimu hizo umeshaelewa nusu ya mchezo.

Kila upande wa uwanja una nguzo nne zilizosimama wima, hazina mtambaa panya wala nyavu. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya zile mbili ndefu za katikati bila kuguswa na mtu, ni goli, na goli moja lina pointi 6. Ukipita kati ya nguzo ndefu na ile fupi ya pembeni, au ukigonga nguzo ndefu, au beki akiusukuma mwenyewe uvuke mstari ili kujiokoa, ni pointi 1 tu. Tuiite pointi ya pembeni. Basi 4.11 maana yake ni magoli 4 na pointi za pembeni 11: sita mara nne ni 24, ongeza 11, unapata 35. Brisbane nao walifunga magoli 4, lakini pointi zao za pembeni zilikuwa 5, jumla 29.

Magoli yalikuwa sawa. Adelaide walibeba kombe la kwanza la historia kwa sababu walikosa mara nyingi kuliko wenzao! Inachekesha, lakini haipingani na akili: huwezi kukosa mara 11 kama mpira haukai langoni kwa mpinzani. Aliyezikosa nafasi nyingi ndiye aliyezitengeneza nyingi.

Mchezo wenyewe huchezwa kwenye uwanja wa umbo la yai, mara nyingi uleule wa kriketi, na ni mkubwa kuliko wa soka kwa mbali sana. Mpira nao ni wa umbo la yai. Ruksa kuushika na kukimbia nao, ila kila baada ya mita 15 sharti uudundishe chini, na kuudundisha mpira wa namna hiyo ukiwa mbioni si kazi ya mtoto. Kumtupia mwenzako kama katika mpira wa kikapu ni marufuku. Unapiga kwa mguu, au unauweka kwenye kiganja kimoja na kuupiga ngumi kwa mkono wa pili. Ukiudaka hewani mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi, unasimama, hakuna wa kukugusa, unapiga kwa nafasi yako. Hakuna kuotea. Mwenye mpira anaweza kukamatwa na kuangushwa, mradi mshikaji asishike juu ya mabega wala chini ya magoti. Goli likiingia, mwamuzi anayesimama kati ya nguzo hupeperusha bendera mbili. Ikiwa ni pointi ya pembeni, bendera moja. Wanaume huingia 18 kila upande, wanawake 16, na mpira wa wanawake ni mdogo kidogo. Mengine utayashika ukitazama mechi mbili tatu.

Sasa hilo jina. Timu hii ya mji wa Adelaide inaitwa Adelaide Crows, yaani kunguru. Msomaji wa Dar es Salaam, Unguja au Mombasa, ambako kunguru weusi wanaiba mpaka samaki aliyekwisha kukaangwa, atashangaa nani alikaa akaamua kuipa timu yake jina la ndege huyo, tena sisi ambao methali yetu inamjua kwa woga wake tu. Jibu ni kwamba watu wa jimbo la Australia Kusini, ambako mji huo upo, wana jina la utani la tangu zamani: walaji wa kunguru. Klabu ya wanaume ilipoingia ligi kuu mwaka 1991, utani ukageuzwa kuwa fahari. Timu ya wanawake ikazaliwa ndani ya klabu hiyohiyo, kama Simba Queens walivyo kwa Simba au Yanga Princess kwa Yanga: jezi moja, jina moja, kikosi na kocha tofauti.

Hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa ya kuvutia, na ndipo watu wengi wanapojichanganya. Ukisoma kwamba Adelaide ni mabingwa wa 2017, 2019 na 2022, unaweza kudhani ni klabu tajiri iliyokusanya nyota kwa fedha. Sivyo. Timu ile ya kwanza ilishonwa kwa vipande, kama mto wa foronya uliotengenezwa kwa vitenge vilivyobaki, na kila kipande kilitoka mahali ambapo mlango ulikuwa umefungwa.

Kipande kikubwa kilitoka Darwin. Chama cha futiboli ya Australia kilipogawa nafasi nane za ligi mpya mwaka 2016, Adelaide waliomba kwa kushirikiana na wenzao wa Northern Territory, jimbo la joto la kaskazini kabisa. Sehemu ya kikosi iliishi na kufanya mazoezi Darwin, sehemu iliyobaki Adelaide. Kati ya miji hiyo kuna takribani kilomita 2,600 kwa ndege, kama kutoka Dar es Salaam hadi Khartoum. Hebu fikiria timu ambayo nusu ya viungo wake wanajifua Khartoum na washambuliaji wako Dar, kisha wanakutana siku chache kabla ya mechi! Darwin walitoka wachezaji kama Angela Foley na Abbey Holmes, ambaye katika ligi ya nyumbani alikwisha kupita magoli 100 ndani ya msimu mmoja. Mechi za nyumbani nazo hazikuchezwa zote Adelaide; Darwin nayo ilipata sehemu yake.

Kocha alikuwa Bec Goddard, mwanamke aliyefanya kazi katika polisi ya shirikisho. Alikuwa mmoja wa wanawake wawili tu kati ya makocha wakuu wanane wa msimu huo, na ndiye aliyechukua kombe.

Kisha yupo Erin Phillips, na hapa naomba nichelewe kidogo, kwa sababu bila yeye habari hii haisimuliki.

Baba yake, Greg Phillips, ni gwiji wa Port Adelaide, klabu yenye uhasama wa kizazi na kizazi na kila mtu katika mji ule. Alishinda nayo ubingwa wa jimbo mara nane. Binti yake alikua na mpira mikononi, akicheza na wavulana, na wengi wao hawakumfikia. Alipofika miaka 13 hivi, kanuni zikamtoa: wasichana wa umri huo hawakuruhusiwa kuendelea kucheza na wavulana, na njia ya wasichana peke yao ya kuelekea ligi kubwa haikuwepo. Si kwamba alishindwa. Ngazi iliishia hapo.

Akahamia mpira wa kikapu. Na kwa kuwa kipaji hakichagui umbo la mpira, akawa bingwa wa dunia na Australia mwaka 2006, akapata medali ya fedha ya Olimpiki ya Beijing 2008, akaenda Marekani na kushinda ubingwa wa WNBA, ligi kuu ya kikapu ya wanawake ya kule, mara mbili: Indiana mwaka 2012 na Phoenix mwaka 2014. Aliporudi kwenye mchezo wake wa utotoni alikuwa na miaka 31 na mapacha wachanga nyumbani. Ligi ilikuwa na utaratibu wa kusajili wanamichezo waliotoka michezo mingine au waliokaa nje ya futiboli kwa miaka kadhaa, na Adelaide wakamchukua kupitia mlango huo. Ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa ligi nzima mwaka ule wa kwanza, na mchezaji bora wa ile fainali ya 4.11. Ubora aliouonyesha akiwa na miaka 31 ndio unaoniuma mimi ninayeandika: miaka 18 ilikwenda wapi?

Pamoja naye unahodha uligawanywa kwa Chelsea Randall, mchezaji wa nyuma na wa mbele pia, asiyeogopa kuruka mgongo akielekea kundi la watu. Na katika usajili wa vijana wakampata Ebony Marinoff, msichana wa kukamata wapinzani mpaka unawahurumia. Alichukua tuzo ya chipukizi bora wa msimu wa kwanza wa ligi. Miaka saba baadaye, mwaka 2024, akachukua ya mchezaji bora wa ligi nzima. Kati ya nyota wa timu, yeye ndiye anayeonyesha vizuri zaidi tofauti ya vizazi. Hakulazimika kupitia Marekani.

Fainali yenyewe ilikuwa ichezwe Gabba, uwanja wa Brisbane, kwa sababu Brisbane walimaliza wakiwa juu ya msimamo bila kupoteza mechi. Lakini mwanamuziki Adele alikuwa ametoka kutumbuiza pale, jukwaa na maelfu ya mashabiki wakauacha uwanja hautamaniki, mechi ikahamishiwa Gold Coast. Adelaide wenyewe walipenya kwa tundu la sindano: walilingana kwa ushindi na Melbourne, wakawazidi kwa asilimia. Ndiyo, asilimia. Huku hawahesabu tofauti ya magoli. Wanachukua pointi ulizofunga, wanagawanya kwa ulizofungwa, wanazidisha kwa 100. Ukifunga 300 na kufungwa 200, una 150. Timu inayozuia vizuri inanufaika sana na hesabu hiyo, na Adelaide walijua kuzuia.

Kuhusu ligi yenyewe, ambayo kwa kifupi huitwa AFLW, kuna mafundo matatu yanayowachanganya hata Waaustralia.

Fundo la kwanza ni idadi ya timu. Ilianza na nane mwaka 2017. Mechi ya ufunguzi, Carlton na Collingwood mjini Melbourne tarehe 3 Februari, ilijaza watu 24,568, milango ikafungwa, wengine wakabaki nje. Mkuu wa chama alitoka mwenyewe getini kuomba radhi. Mwaka 2019 timu zikawa 10, mwaka 2020 zikawa 14, na katikati ya 2022 zikafika 18, yaani kila klabu ya ligi kuu ya wanaume ikawa na timu ya wanawake. Ndani ya miaka sita ligi ilipanuka zaidi ya mara mbili, na wachezaji wa kiwango cha juu hawaoti kama uyoga.

La pili ni msimu wa 2019, ambapo timu 10 ziligawanywa katika makundi mawili na mbili za juu za kila kundi zikaingia nusu fainali. Makundi hayakulingana hata kidogo. North Melbourne walishinda mechi 5 kati ya 7 wakabaki nje. Geelong walishinda 3 tu wakaingia, kwa kuwa walikuwa kundi dhaifu. Adelaide wakawapiga hao Geelong kwa tofauti ya pointi 66, kisha Carlton katika fainali 10.3 (63) kwa 2.6 (18). Kulikuwa na manung'uniko mengi juu ya mpango ule, na kwa maoni yangu yalikuwa ya haki. Lakini hakuna aliyesema Adelaide hawakustahili.

La tatu ndilo baya zaidi: mwaka 2022 una mabingwa wawili. Mwanzoni ligi ilichezwa kuanzia mwanzo wa mwaka, kwenye jua kali la kiangazi cha kule, ili isigongane na wanaume. Mwaka 2022 ikaamuliwa ihamie Agosti hadi Novemba. Msimu wa sita ulimalizika Aprili na Adelaide wakawafunga Melbourne 29 kwa 16. Wa saba ukaanza Agosti mwaka uleule, na Melbourne wakatwaa. Kwa hiyo mtu akikuambia Adelaide ni mabingwa wa 2022, na mwingine akakuambia ni Melbourne, wote wawili wanasema kweli. Na ukijumlisha misimu na miaka ukaona hesabu haitimii, kumbuka pia kwamba msimu wa 2020 ulikatishwa na korona bila bingwa.

Je, ni wachezaji wa kulipwa? Inategemea unauliza mwaka gani. Msimu wa 2017 mchezaji wa kawaida alilipwa dola za Australia 8,500 kwa msimu mzima, na nyota wachache wa daraja la juu 27,000. Kwa maisha ya Australia, 8,500 haikulipi kodi ya nyumba ya mwaka. Ndiyo maana kikosi kile cha mabingwa kilikuwa na watu waliotoka kazini jioni, wakabadilisha nguo kwenye gari na kuingia mazoezini. Msimu wa saba, kima cha chini kilipanda kutoka 20,239 hadi 39,184, na daraja la juu kutoka 37,155 hadi 71,935, karibu mara mbili kwa mpigo. Mwaka 2023 wanaume na wanawake wakawekwa kwa mara ya kwanza ndani ya mkataba mmoja wa pamoja. Bado wanaume wanapokea mamia ya maelfu kwa wastani, ingawa wao wanacheza mechi nyingi zaidi kwa mwaka. Hoja ya urefu wa msimu ina ukweli wake, lakini tusisahau kwamba urefu wa msimu wa wanawake hawakuupanga wao.

Kwenye miili yao, hata hivyo, hakuna daraja la nusu. Goti linakatika sawasawa, mshahara uwe 8,500 au laki.

Tarehe 31 Machi 2019, watu 53,034 walijaa Adelaide Oval kwa ile fainali ya Carlton. Kiingilio siku hizo kilikuwa bure, na wapo waliotumia hilo kuidogosha idadi. Mimi nasema watu bure nao huchagua pa kwenda Jumapili. Katika robo ya tatu ya mechi hiyo, Phillips alitua vibaya akaanguka ameshika goti la kushoto. Kano ya ndani ilikuwa imekatika. Uwanja ulinyamaza, kisha alipokuwa akitolewa kwa machela watu wote wakasimama wakipiga makofi, na wachezaji wa Carlton waliokuwa wakifungwa wakamfuata kumshika mkono. Mechi ilipoisha, yeye aliyekuwa amekaa nje na goti limefungwa ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa fainali. Wiki hiyo akapewa na tuzo ya mchezaji bora wa ligi, ya pili.

Kukatika kano ya goti huwapata wanawake wa mchezo huu kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume. Sababu zinazotajwa ni mchanganyiko: maumbile ya nyonga na goti, lakini pia miaka ya mazoezi iliyokosekana. Mvulana anayefika ligi kuu amefundishwa kutua, kugeuka na kupokea kishindo tangu ana miaka saba. Wanawake wengi wa vikosi vya kwanza walijifunza ukubwani. Ule mlango uliofungwa kwenye miaka 13 haukuiba vipaji peke yake. Randall naye alikatika goti kabla ya msimu wa 2020, na Adelaide wakiwa bila manahodha wao wawili kwa sehemu kubwa ya msimu, wakafanya vibaya.

Halafu kichwa. Aprili 2021, katika nusu fainali dhidi ya Melbourne, Randall aligongana na mpinzani akipigania mpira na ubongo ukatikisika. Kanuni ilisema mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo akae nje siku zisizopungua 12. Fainali ilikuwa baada ya siku 7. Nahodha akakaa benchi na nguo za kawaida, Adelaide wakafungwa na Brisbane 38 kwa 20, nyumbani kwao. Mashabiki wengi walilia kwamba kanuni ni katili. Mwaka uliofuata alirudi, akaliinua kombe la Aprili mwenyewe.

Anayetaka kujua kama kanuni ile ni katili na asome habari za Heather Anderson. Alikuwa mmoja wa kile kipande cha Darwin, mhudumu wa tiba jeshini. Alivaa kofia ya kujikinga ya rangi ya waridi iliyokolea, na sababu yake ilikuwa rahisi: mama yake alikuwa na uoni hafifu, na kofia ile ilimsaidia kumtambua binti yake uwanjani. Alicheza msimu ule mmoja wa 2017, mechi zote nane, na katika fainali bega likachomoka, akaacha mchezo. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 28. Familia ilitoa ubongo wake uchunguzwe, na Julai 2023 wataalamu wa Australia wakatangaza kwamba walikuta dalili za CTE, ugonjwa unaokula ubongo polepole kutokana na vishindo vya kichwa vinavyorudiwa-rudiwa. Kwa miaka mingi ugonjwa huo ulijulikana kwa mabondia na wachezaji wa kiume wa futiboli ya Marekani. Yeye ndiye mwanamichezo wa kwanza wa kike wa kulipwa duniani kuthibitishwa kuwa nao. Ubingwa wake mmoja upo kwenye vitabu, na ubongo wake umewafungulia wengine mjadala ambao zamani uliwahusu wanaume peke yao.

Nitoke Adelaide kidogo, kwa sababu kuna mchezaji wa ligi hii ambaye msomaji wa Kenya ana haki ya kumjua. Akec Makur Chuot alizaliwa Sudan Kusini, familia yake ikakimbia vita, na utoto wake mkubwa ukapita kambi ya Kakuma, Turkana. Mwaka 2005 wakapelekwa Perth, magharibi mwa Australia. Mpira huu aliukuta huko akiwa msichana mkubwa. Mwaka 2017, msimu uleule wa kwanza, alivaa jezi ya Fremantle na kuwa mwanamke wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza AFLW. Baadaye akacheza Richmond, kisha Hawthorn. Upande wa wanaume yupo Aliir Aliir, aliyezaliwa Kakuma hasa, beki wa Port Adelaide ambaye mwaka 2021 aliteuliwa katika kikosi bora cha nchi nzima. Vumbi la Kakuma limetoa wachezaji wa mchezo ambao pengine hakuna mtu Kakuma aliyewahi kuucheza.

Turudi kwa kunguru na swali la mwisho, lile linalobishaniwa na mashabiki: kama walikuwa wakali hivyo, mbona hadi mwisho wa 2024 hawakuchukua tena tangu Aprili 2022?

Jibu la haraka ni kwamba Phillips aliondoka. Ni kweli, lakini ni robo ya ukweli. Tazama ramani. Melbourne na miji ya jirani yake ina klabu kumi za ligi kuu, kwa hiyo kila timu mpya ya wanawake iliyoundwa pale iliwagawa upya wachezaji walewale wa jimbo moja. Adelaide, kinyume chake, walikuwa timu pekee ya wanawake ya ligi kuu katika Australia Kusini yote, na kwa miaka ya mwanzo walichota na Northern Territory. Msichana wa Adelaide aliyetaka kucheza nyumbani hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Hii ndiyo siri ambayo kombe halikuonyeshi: katika ligi ambayo mishahara haikutosha mtu kuhama mji, kuwa peke yako jimboni kulikuwa na thamani kuliko fedha. Mishahara ilipopanda, watu wakaweza kuhama. Na Agosti 2022 Port Adelaide wakaingia ligi, jimbo likawa na milango miwili.

Nadharia hii ina tundu, na sitalificha: Brisbane nao walikuwa peke yao Queensland mpaka Gold Coast walipoingia mwaka 2020, wakaporwa wachezaji kila ligi ilipopanuka, na bado waliendelea kufika fainali, wakachukua tena mwaka 2023. Kwa hiyo kuna kitu cha ziada, nadhani ni ukufunzi na uvumilivu wa kulea upya. Adelaide nao hawakuporomoka; waliendelea kuwa timu ya nusu fainali na robo fainali. Walichopoteza ni upekee.

Na aliyekwenda kufungua ule mlango wa pili ni Phillips mwenyewe. Mwezi mmoja baada ya kombe lake la tatu na Adelaide, akiwa anakaribia miaka 37, alitangaza kwamba anahamia Port, na huko akawa nahodha wao wa kwanza. Mashabiki wa kunguru waligawanyika, wengine wakasema msaliti, wengine wakasema mwacheni aende kwao. Tarehe 30 Septemba 2022 timu hizo mbili zikakutana kwa mara ya kwanza, Adelaide Oval, mbele ya watu zaidi ya 20,000. Marinoff, Randall na wenzao waliwaburuza Port bila huruma. Phillips alimaliza mechi amevaa namba 22, ile aliyoivaa baba yake.